Ua la Pareto na Paka Wetu



Sisi tunaoshona magauni ya harusi hapa Mafinga na kuyatuma Unguja tunaijua adha ya viroboto. Paka hapendi kulala popote kama juu ya kitambaa kilichokwisha kupigwa pasi, na kiroboto akimuuma biharusi siku ya kujaribu gauni, mteja huyo harudi tena. Ndiyo maana mwaka mmoja tulinunua dawa ya kudondosha shingoni. Kikasha chake kilikuwa na picha ya mbwa. Muuzaji akasema haina neno, ni pareto tu hiyo, dawa ya maua. Tukamdondoshea paka wetu baada ya Magharibi. Kabla ya Alfajiri alikuwa anatetemeka mwili mzima, udenda unamtoka. Adhuhuri haikumkuta.

Muuzaji alikosea, lakini na sisi neno "maua" lilitulaza usingizi. Tena sisi tunaoishi kwenye mji wa maua yenyewe.

Pareto ni ua jeupe lenye kiini cha njano. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya bahari ya Adriatiki, ambako leo ni Kroatia. Watu wa huko waliyakausha maua, wakayasaga, wakanyunyiza unga wake kuua wadudu, na katika karne ya 19 biashara yake ikaenea Ulaya na Marekani. Wajapani nao wakalipanda. Mwaka 1890 Eiichiro Ueyama akatengeneza vijiti vya pareto vya kufukuzia mbu, na baadaye vikawa ile dawa ya mviringo tunayoiwasha vibarazani hadi leo.

Masetla walianza kulilima Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na Tanganyika katika miaka ya 1930. Vita Kuu ya Pili ilipokata biashara ya Japani, pareto ya Afrika Mashariki ikatafutwa kama dhahabu, kwani askari walihitaji kinga ya mbu na chawa. Ua hili linataka baridi ili lichanue vizuri, na baridi ya Mufindi na Makete mnaisikia kwa wageni wenu. Wachumaji wengi ni wanawake. Huchuma ua mojamoja kwa mkono, huanika, kisha mzigo huletwa kiwandani hapa Mafinga kukamuliwa.

Dawa iliyomo ndani ya ua inaitwa pairethrini, na katika ua kavu ni kama asilimia 1 hadi 2 tu. Humvuruga mdudu mishipa ya fahamu, naye huanguka mara moja. Udhaifu wake ni jua: ikikaa mwangani huisha nguvu upesi. Udhaifu huo ndio uliowasumbua wataalamu, na mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, wakatangaza permethrini. Imeigwa kutoka kwenye ua, lakini imetengenezwa maabara, nayo hulihimili jua. Wakulima wa pareto waliuonja uchungu wake sokoni. Imesaidia pia, tusiwe wanyimi: vyandarua vingi vilitiwa dawa ya ukoo huo.

Lakini paka hakuumbwa kama mbwa. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja permethrini na kuitoa mwilini. Kiasi ambacho mbwa hata hakihisi humtia paka kifafa. Hata paka anayemlamba mbwa aliyepakwa dawa mbichi, au anayelala naye, anaweza kudhurika.

Kwa hiyo soma kikasha kabla ya bei. Ukiona permethrini, isimguse paka. Ukiona pairethrini na imeandikwa kuwa ni ya paka, fuata uzito na umri ulioandikwa hapo, wala usiongeze kwa huruma, maana hata ya ua ikizidi hudhuru. Usichanganye na dawa nyingine ya viroboto. Unga wa kienyeji uliosagwa nyumbani hauna kipimo, na sisi hatumpaki mnyama. Kitoto cha paka tunakichana tu kwa chanuo la meno membamba, tukilichovya kwenye maji ya sabuni. Matandiko yake yafue kwa maji ya moto, kwani mayai mengi ya viroboto yako huko. Mwenye pumu nyumbani akae mbali na vumbi la pareto. Na maji ya kuoshea usiyamwage ufukweni wala kwenye bwawa, kwa sababu samaki hufa upesi kwa dawa hii.

Wenye mbwa wa kulinda shamba, vaeni glavu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mkono ukigusana na mbwa hali mmoja wao amelowa, ni kuosha mara saba, moja kwa udongo.

Na paka akishapatwa, usimpe maziwa. Muoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike apate joto, umkimbize kwa daktari wa mifugo usiku huohuo, na kikasha cha dawa ukibebe. Sisi tulisubiri kupambazuke.

Sote tumesomeshwa chuoni habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa njaa, na adhabu yake. Usiku ule tuliikumbuka sana, ingawa nia yetu ilikuwa njema. Sasa tuna paka mwingine, jike, mweusi. Kila Ijumaa kabla ya kufungua cherehani tunamchana juu ya kitambaa cheupe, na kitambaa kikionyesha vumbi jeusi tunajua wiki hiyo hatutatundika gauni chini.