Hesi ya Milimita 39

Lenzi iliyotengenezwa Wetzlar, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1930 inafungwa leo kwenye kamera ya kidijitali na kupiga picha bila shida. Wanaoshangaa kwa nini wapenzi wa picha wanazihangaikia kamera kongwe za kipima-umbali hujibiwa kwamba ni hamu ya enzi: ya mpiga picha Henri Cartier-Bresson na Leica yake, ya mwenzake Robert Capa aliyetua Normandy na Contax tarehe 6 Juni 1944. Jibu hilo halitoshi. Enzi hizo zilikuwa na kamera nyingine nzuri ambazo sasa ni mapambo ya kabatini tu. Kilichozinusuru hizi ni kipimo: mdomo wenye hesi ya kipenyo cha milimita 39, na umbali wa milimita 28.8 kutoka mdomo huo hadi kwenye filamu.

Kipimo hicho hakikuja mara moja. Leica ya Oskar Barnack ilipoingia sokoni mwaka 1925, lenzi yake haikuweza kutolewa. Mwaka 1930 ikawezekana kuibadilisha, ila kila lenzi ililinganishwa na bodi yake. Ukiifunga kwenye bodi ya jirani, haikulenga sawasawa. Mwaka 1931 kiwanda cha Leitz, kilichoitengeneza Leica, kikasawazisha vipimo, na mwaka 1932 Leica II ikaunganisha lenzi na kipima-umbali: unachungulia, unaona taswira mbili, unazungusha lenzi mpaka zilaliane ziwe moja. Mwaka huohuo Zeiss Ikon wakatoa Contax, ikiwa na lenzi za Sonnar za Ludwig Bertele zilizopokea mwanga mwingi kuliko za mshindani wake. Lau ubora wa lenzi peke yake ndio ungeamua, Contax ndiyo ingetawala. Lakini mdomo wake ulikuwa wa aina yake, mgumu kuiga, ilhali hesi ya Leica iliweza kuchongwa na fundi yeyote mwenye mashine nzuri.

Na mafundi waliichonga. Huko Kharkov, katika Muungano wa Kisovieti, vijana wa komuni iliyoongozwa na Anton Makarenko walianza mwaka 1934 kutoa FED, nakala ya Leica II. Baada ya Vita Kuu ya Pili hataza za Kijerumani zilipoteza nguvu; kiwanda cha Krasnogorsk kikatoa Zorki mwaka 1948, na Canon wa Japani wakatoa kamera zao za hesi hiyohiyo. Wasovieti walichukua pia maarifa ya Zeiss kama fidia ya vita, wakaifanya Sonnar kuwa Jupiter na kuipa hesi ya milimita 39. Kwa hiyo ubunifu wa Bertele ukaingia kwenye mdomo wa hasimu wake, kwa bei ambayo mwalimu au karani aliimudu. Nao Nippon Kogaku walitengeneza lenzi za Nikkor zenye hesi hiyo. David Douglas Duncan wa gazeti la Life alizifunga kwenye Leica zake akaenda nazo vita vya Korea mwaka 1950.

Ushahidi mzito zaidi ni wa miaka iliyofuata. Leica M3 ya mwaka 1954 iliacha hesi, lakini umbali wake ulipunguzwa hadi milimita 27.8, ili pete nyembamba ya milimita moja iweze kubeba lenzi za zamani. Nikon F ya mwaka 1959, ya Nippon Kogaku haohao, ilihitaji milimita 46.5 kwa sababu ya kioo cha kuakisi kilichokaa ndani. Hapo lenzi za hesi hazikuwa na nafasi, na kwa miongo kadhaa nyingi zilikaa drooni. Hamu ya enzi ilikuwepo wakati wote huo. Sony walipotoa mwaka 2010 kamera isiyo na kioo hicho, yenye umbali wa milimita 18, adapta rahisi ikatosha, na Jupiter zikatoka drooni zikaanza kazi upya.

Wapo wanaosema haya ni majigambo ya matajiri. Kwa Leica mpya huenda ni kweli, lakini Jupiter-8 inauzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Wengine husema lenzi za kisasa zina makali zaidi. Zinayo, hasa pembeni mwa picha. Anayefungua tundu lote la Sonnar hatafuti makali ya pembeni, anataka sura ya mtu itokeze. Pingamizi ninaloliheshimu ni la tatu: kwamba hesi moja si ulengaji mmoja. Jupiter nyingi zilifuata hesabu ya Contax, kwa hiyo zikifungwa kwenye Leica hukosea kidogo kwa mtu aliye karibu. Basi ukinunua, ijaribu kwenye bodi utakayoitumia, tundu likiwa wazi lote, umbali wa mita moja, kabla hujatoa pesa.