Sumukuvu: Jinsi mkojo unavyofichua jeraha kwenye vinasaba

Singida. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina ladha, na kupika ugali hakuimalizi. Utajuaje basi kama imemwingia mtu kabla ini halijaharibika?

Jibu moja liko kwenye mkojo. Aflatoksini B1, aina hatari zaidi ya sumukuvu, ikifika kwenye ini hubadilishwa kuwa kemikali kali inayonata kwenye guanini, moja ya herufi nne za vinasaba (DNA). Mwili ukijirekebisha, kipande hicho hukatwa na kutoka na mkojo. Yaani hapo maabara haipimi chakula ulichokula, inapima jeraha lenyewe.

Ushahidi wake si wa kubahatisha. Shanghai, China, watafiti walifuatilia wanaume zaidi ya 18,000 na kutoa matokeo mwaka 1992 na 1994. Waliokuwa na dalili za aflatoksini kwenye mkojo walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi kuliko wasio nazo. Wenye virusi vya homa ya ini B pekee, mara 7. Waliokuwa na vyote viwili? Karibu mara 60!

Kwa nini suala hili liwahusu watu wa Singida? Mwaka 2016 sumukuvu iliugusa ukanda huu vibaya: watu 68 waliugua na 20 wakafariki, wengi wakiwa Dodoma na Manyara, mikoa inayopakana na Singida na inayokula mahindi na karanga kama Singida. Hata alizeti, zao linaloupa mkoa jina, haijasalimika. Watafiti wameikuta sumu hiyo kwenye mbegu na mashudu ya wakamuaji wadogo nchini.

Ile ya 2016 ilikuwa sumu nyingi kwa mkupuo. Dozi ndogo ya kila siku haimlazi mtu kitandani, na ndipo vipimo hivi vinapohitajika. Haydom, Manyara, hospitali inayopokea pia wagonjwa kutoka upande wa Mkalama, watafiti walipima damu ya watoto wadogo na kukuta wengi wana alama ya aflatoksini iliyonasa kwenye protini ya albumini. Alama ya mkojo huonyesha siku chache tu zilizopita. Ya damu hurudi nyuma miezi miwili hadi mitatu.

Lakini tusichanganye mambo. Kipimo hiki bado ni cha utafiti, kinahitaji mashine ghali, na hakimwambii mtu mmoja mmoja kwamba ana saratani au hana. Kwa mgonjwa wa Iramba au Manyoni leo, chenye faida ya haraka ni kupima homa ya ini B, na ultrasaundi ya ini daktari akiona inafaa. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni.