Habari za Steve Tikolo, Mpigaji wa Kriketi

Watu wakizungumza juu ya kriketi, mara humtaja Don Bradman wa Australia, aliyeacha kuichezea nchi yake mwaka 1948. Katika michezo ya siku tano, iitwayo testi, wastani wake ulikuwa mbio 99.94, wala hajatokea wa kumkaribia. Lakini Bradman alipewa nafasi ya kupiga mara 80 katika testi. Jirani yetu ninayetaka kumweleza hapa hakupewa hata mara moja, wala kosa halikuwa lake.

Steve Tikolo alizaliwa Kenya mwaka 1971, na kaka zake Tom na David nao waliichezea nchi hiyo. Huku kwetu kando ya Ziwa wengi hudhani kriketi ni mchezo wa Wahindi wenye maduka tu, kwa hiyo yafaa nieleze kidogo. Mpigaji hulinda vijiti vitatu kwa gongo lake. Akiupiga mpira mbali, hubadilishana mahali na mwenzake mbio mbio, na kila wakivuka huhesabiwa mbio moja. Mpira ukiangusha vijiti, ametoka.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune katika Bara Hindi, Kenya walipata mbio 166 tu. West Indies, waliokwisha kutwaa Kombe la Dunia mara mbili, wakaangushwa wote kwa 93. Siku sita baadaye, mbele ya Sri Lanka walioandika mbio 398, Tikolo peke yake alipata 96.

Walakini mchezo ninaoufikiri zaidi ni fainali ya Kuala Lumpur ya mwaka 1997, mashindano ya nchi zisizo na ruhusa ya testi. Kenya walipata mbio 241, na 147 kati ya hizo zilikuwa za Tikolo. Ndipo mvua ikanyesha. Bangladesh wakapewa hesabu mpya, mbio 166 kwa mipira 150, wakazitimiza kwa mpira wa mwisho kabisa. Mwaka 2000 Bangladesh wakaruhusiwa testi. Sisemi kwamba mvua ndiyo iliyoamua, maana taifa lao ni kubwa na viwanja vyao hujaa watu.

Mwaka 2003 Tikolo, sasa nahodha, aliwaongoza Kenya mpaka nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ni kweli New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, Kenya wakapata pointi za bure. Lakini Sri Lanka walikuja, wakashindwa. Huko Durban India waliwashinda Kenya, ingawa Tikolo alipata 56. Katika Kombe hilo la wanaume la michezo ya siku moja, hakuna nchi nyingine isiyo na testi iliyofika hapo, kabla wala baada.

Wakati ule mlango ungalifunguliwa. Haukufunguliwa, na nyumbani ukazuka ugomvi wa fedha kati ya wachezaji na viongozi wao, hata mwaka 2004 wachezaji wakagoma. Tikolo aliendelea mpaka Kombe lake la tano, mwaka 2011, akiwa na miaka 39. Baadaye akaenda ng'ambo ya Ziwa kuifundisha timu ya Uganda.