Kutoka kidole hadi kamera: safari ya mrija kwenye koo la mtoto

Hebu gusa koo lako, pale panapotetema ukiongea. Hapo ndipo lilipo zoloto, mlango wa njia ya hewa. Mtoto akipewa usingizi ili apasuliwe, au akishindwa kupumua mwenyewe, mara nyingi daktari hulazimika kupitisha mrija kwenye mlango huo. Akiukosa, mrija unaingia njia ya chakula na hewa inakwenda tumboni. Na kichanga hana akiba kubwa ya oksijeni, kwa hiyo kila jaribio linahesabika.

Sasa turudi New York, mwaka 1885. Dondakoo lilikuwa likiziba makoo ya watoto. Daktari Joseph O'Dwyer aliwapitishia mrija kwa kupapasa tu: kidole kinainua kifuniko cha zoloto, mrija unafuata. Hakuona kitu, lakini wapo aliowaokoa.

Ajabu ni kwamba zoloto lilikuwa limeshaonekana. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji, aliziona nyuzi zake mwenyewe za sauti kwa kutumia vioo na mwanga wa jua. Lakini kioo kinamtaka mgonjwa atulie na ashirikiane nawe. Mtoto anayekosa hewa atatuliaje?

Mwaka 1895, huko Berlin, Alfred Kirstein alionyesha kwamba zoloto linaweza kutazamwa moja kwa moja, bila kioo. Mwaka 1941 Robert Miller akatoa ubapa ulionyooka, na 1943 Robert Macintosh wa Oxford akatoa uliopinda. Mpaka leo madaktari wanatumia vyote viwili. Kwa vichanga wengi hupenda ulionyooka, maana ulimi wao ni mkubwa kwa kinywa chao, zoloto liko juu zaidi, na kifuniko chake ni kirefu na laini, kinahitaji kuinuliwa.

Kisha, miaka ya 2000, zikaenea laringoskopu za video: kamera karibu na ncha ya ubapa, picha kwenye skrini. Basi kazi imekwisha? Hata kidogo. Mwaka 2017 mapitio ya Cochrane, kwa watoto wasio wachanga, yalionyesha kuwa video ilichukua muda mrefu zaidi na kushindwa mara nyingi zaidi, ingawa ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu. Kumbe kuona ni jambo moja, kufikisha mrija ni jingine. Kamera inaweza kuchungulia kona ambayo mrija haupindi kuifuata.

Mambo yalibadilika baadaye. Mwaka 2020, utafiti wa hospitali tano za Marekani na Australia ulitumia kamera kwenye ubapa wa kawaida kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja. Jaribio la kwanza lilifaulu kwa asilimia 93, dhidi ya 88 bila kamera. Mwaka 2024, kwa watoto wachanga 214 huko Dublin, ilikuwa asilimia 74 dhidi ya 45.

Ukiniuliza mimi, faida kubwa ya skrini ni kwamba mwalimu na mwanafunzi wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Zamani mwalimu alisimama nyuma akiuliza, "Unaona nini?" Sasa anaweza kusema, "Inua kidogo, sogea kulia."

Ila umeme ukikatika, au hospitali ikiwa haina kamera, mtoto bado anategemea mkono uliozoea. Tununue kamera, lakini tusiache kuufundisha mkono.