Kuvu, Sukari na Mfuko wa SA

Mbegu ya okidi huzaliwa bila akiba. Punje ya hindi hubeba wanga wake, na haragwe hubeba chakula cha siku zake za kwanza. Mbegu ya okidi ni vumbi tu: kiinitete kidogo ndani ya ganda jembamba. Kifuko kimoja cha mbegu kinaweza kuwa na maelfu kwa maelfu ya mbegu hizo, na karibu zote hufa njaa.

Naanza na njaa hiyo kwa sababu, kwetu wanafunzi wa uzamili, mjadala wa mbolea umekuwa kama mechi ya Simba na Yanga. Huku wamekaa mashabiki wa mbolea hai, yaani kuvu na bakteria wanaolisha mimea. Kule wamekaa watu wa mbolea za chumvichumvi, zile za mifuko ya kilo 50. Kila upande unadai ushindi. Okidi ilishacheza mechi hiyo zamani, na matokeo yake hayakumfurahisha shabiki yeyote.

Katika karne ya 19, matajiri wa Ulaya waliwatuma watu katika misitu ya Amerika ya Kusini na Asia kung'oa okidi. Kuziotesha kwa mbegu lilikuwa jambo la kubahatisha. Wakulima wa Uingereza waligundua kwamba mbegu iliyonyunyizwa kwenye shina la okidi mama wakati mwingine huota. Kwa njia hizo za kubahatisha, bustani ya Veitch ilipata okidi chotara ya kwanza iliyochanua, mwaka 1856. Kwa nini shina la mama? Hawakujua.

Jibu lilipatikana mwaka 1899. Mfaransa kijana, Noël Bernard, aliokota msituni kikonyo cha okidi isiyo na rangi ya kijani, Neottia nidus-avis, kilichokuwa kimefunikwa na majani makavu. Mbegu zake zilikuwa zimeota humohumo. Alipozitazama kwa darubini, kila mche ulikuwa na nyuzi za kuvu ndani yake. Kuvu ndiye aliyekuwa mlezi: huingia kwenye mbegu, na mbegu hula kutoka kwake. Bernard alifariki mwaka 1911 akiwa na miaka 36, lakini alishaonyesha kwamba ukiwa na kuvu anayefaa, mbegu za okidi huota. Hiyo ilikuwa mbolea hai kabla jina lenyewe halijazoeleka.

Miaka michache baadaye upande wa pili ulisawazisha. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilianza kutengeneza amonia kutokana na nitrojeni ya hewani, na mbolea ya viwandani ikawa nyingi kuliko wakati wowote. Kisha mwaka 1922 Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akauliza swali la kichokozi: je, mbegu inamhitaji kuvu mwenyewe, au inahitaji kile anachokileta? Akaziotesha ndani ya chupa safi isiyo na kijidudu chochote, akizilisha sukari na chumvi za madini. Zikaota.

Niliposoma orodha ya mchanganyiko wake wa mwaka 1946, unaoitwa Knudson C, nilicheka. Katika kila lita kuna gramu 20 za sukari, gramu moja ya kalsiamu naitreti na nusu gramu ya amonia salfeti. Hiyo ya mwisho ndiyo SA, mbolea ileile inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo ya kwetu.

Je, chumvichumvi ilishinda? Ndani ya chupa, ndiyo. Lakini angalia kilichochukua nafasi ya kuvu: sukari ndiyo iliyoziba njaa ya mbegu. Chumvi zilileta madini. Nje ya chupa hakuna anayemwaga sukari ardhini, na okidi ya porini humhitaji tena mlezi wake. Ndiyo maana anayechanganya mbolea hai na ya viwandani hutumia ile ya viwandani kwa kiasi kidogo, kwa sababu nitrojeni ikizidi inaweza kuuvuruga ushirika wa kuvu na mmea. Anajihadhari pia na dawa za ukungu, maana dawa haitofautishi ukungu adui na ukungu mlezi.

Kwetu habari hii ina uzito wake. Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, huitwa Bustani ya Mungu, na okidi ni sehemu kubwa ya sifa hiyo. Katika nyanda hizo za Kusini, viazi vya okidi za porini huchimbwa na kuvushwa hadi Zambia, ambako husagwa na kupikwa na karanga kuwa chikanda. Ukila kiazi, umekula mmea mzima. Okidi za mapambo zilipata chupa ya Knudson, na leo huzalishwa kwa wingi maabara. Hizi zinazoliwa bado zinatoka porini.

Kuziokoa kutahitaji chupa ili ziongezeke haraka, na kutahitaji kuvu wa palepale Kitulo ili zikirudishwa ardhini zisife njaa. Bernard na Knudson watalazimika kufanya kazi kwenye kitalu kimoja.