Mwendo wa Mama Ndani ya Gemu ya Zamani: Historia Fupi Kutoka Lubaga

Safari hii zamu ya kuandika historia ni yetu, na wengi mlitegemea tuandike ya vita. Tumechagua ya gemu. Msicheke kwanza.

Jioni moja hapa Lubaga tulifungua San Andreas kwenye laptopu ya kikundi, tukakuta nusu ya wanawake wa mji ule wanatembea mkono mmoja juu, wameshika hewa. Anayetoka dukani, mkono juu. Anayevuka barabara, mkono juu. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tulikuwa tumetaka kumtengeneza mwanamke mmoja tu, anayebeba jerikani la maji kichwani (kwetu tunasema bido). Kumbe gemu ile haimpi kila mtu mwendo wake. Watu wamepangwa kwa makundi, na kundi zima linatumia mwendo mmoja. Ukigusa wa mmoja, umegusa wa wote.

Kwa nini gemu ya zamani hivyo? San Andreas ilitoka kwa PlayStation 2 mwaka 2004 na kwa kompyuta mwaka 2005. Wakati huo wengi wetu tulikuwa bado mgongoni. Lakini ilitengenezwa kwa mashine za siku zile, RAM ya MB 256 inaitosha. Laptopu yetu imepita mikononi mwa watu hatujui wangapi, betri ilishakufa, inaishi kwa waya tu. Yaka ikiisha na kazi imeisha. Gemu za leo hata kufunguka hazifunguki humo. Halafu hii ya zamani watu wameichokonoa miaka na miaka, wakaandika programu ndogo za kusoma mafaili yake. Miendo yote inakaa kwenye mafaili ya ifp: unautoa mwendo, unautengeneza upya, unaurudisha kwa jina lilelile. Ukikosea herufi moja ya jina, gemu haioni kitu.

Kutengeneza tunatumia Blender, na hiyo nayo ina historia. Kampuni iliyokuwa nayo huko Uholanzi ilifunga, na mwaka 2002 watu wa nchi mbalimbali wakachanga euro 100,000 ili programu iachiwe huru. Ilichukua wiki saba. Ndiyo maana sisi leo tunaitumia bila kulipa hata shilingi. Mwaka huohuo ikatoka Vice City, gemu iliyotangulia San Andreas.

Hiyo Vice City ndiyo gemu ya kwanza aliyoicheza Lual Mayen. Wengi wenu mnamjua kwa jina. Ni kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda hii. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, zikafika dola 300, akamnunulia laptopu. Kuichaji, kijana alikuwa anatembea masaa matatu. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza Salaam, gemu ya amani, na watu kambini wakarushiana kwa Bluetooth. Baadaye alihamia Marekani, na mwaka 2018 akaheshimiwa kwenye The Game Awards. Katika Salaam aliyoiendeleza huko, unayemchezesha ni mkimbizi anayekimbia, na nguvu zikimwishia unamnunulia chakula, maji au dawa kwa pesa ya kweli ili ikasaidie wakimbizi. Wanaosimulia habari zake hupenda sana ile dola 300. Sisi tunaona yale masaa matatu ndiyo makubwa zaidi, maana dola unaitafuta mara moja, lakini chaji inaisha kila siku.

Wa pili si mkimbizi, na hatuendi mbali, maana Wakaliga iko hukuhuku Lubaga. Isaac Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Mwaka 2005 akaanzisha Ramon Film Productions, na mwaka 2010 akapiga Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano yenye helikopta alizozitengeneza kwenye kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipuri. Nakala yake ya asili haipo tena. Alihitaji nafasi kwa filamu iliyofuata, akaifuta. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, kama tunavyozoea kwenye vibanda. Hapo huwa tunanyamaza kidogo, maana na sisi tumefuta. Toleo letu la kwanza kabisa la mwendo wa jerikani halipo, tulilifuta tupate nafasi ya kupakua video za mafunzo.

Sasa kazi yenyewe. Mtu wa gemu ni mifupa iliyovishwa ngozi. Unaweka fremu kuu chache: mguu wa kulia mbele, miguu inapopishana, wa kushoto mbele. Katikati kompyuta inajaza. Fremu ya mwisho lazima ilingane na ya kwanza, la sivyo mtu wako anashtuka kila hatua kama amekanyaga msumari. Halafu kuna mfupa wa shina, ndio unaoamua mwili unasonga kasi gani. Hatua zikiwa fupi na shina linakwenda mbali, miguu inateleza kama kwenye sabuni. Lile tatizo la mikono juu tulilimaliza kwa kumhamishia mwanamke wetu kwenye kundi lenye watu wachache, na jerikani tukalifunga kwenye mfupa wa kichwa. Akatembea. Tukajisifu.

Jumapili mama wa mmoja wetu akapita, akasimama nyuma yetu, akatazama kidogo tu.

“Batoto, ile bido haiko na mayi.”

Tukamuuliza amejuaje. Hakujibu, alienda kuleta jerikani la njano la lita 20, limejaa. Hizo ni kilo 20 juu ya shingo. Akatuonyesha uani. Shingo haigeuki. Akitaka kuangalia pembeni, macho yanatangulia, kisha mwili mzima unageuka. Magoti yanakunjika taratibu ili kichwa kisipande wala kushuka. Hatua ni fupi, na mikono yote iko chini. Mkono unapanda tu kwenye mteremko au ukikanyaga vibaya. Maana yake ule mkono uliotuchekesha siku ya kwanza haukuhitajika kabisa! Tulikuwa tumemhuisha mtu anayeigiza kubeba. Tukaomba ruhusa, tukamrekodi kwa simu, kwa upande na kwa mbele, kisha tukarudi kupanga fremu moja moja karibu wiki mbili.

Kisha likaja suala la kukimbia, na hapa hatucheki tena.

Mmoja wetu alivuka mpaka siku Bunagana ilipotekwa na M23, tarehe 13 Juni 2022. Yeye alitaka tutengeneze mwendo wa mama anayekimbia na mtoto mgongoni kwenye kitenge na godoro kichwani. Anasema kwenye gemu zote watu wanakimbia kama wachezaji mpira, mikono huru, na hakuna aliyewahi kuonyesha jinsi watu wanavyokimbia kweli wakiwa na vitu na watoto. Asipouweka yeye, nani atauweka? Mwingine akakataa kabisa. Akauliza, katika gemu hii watu wa mtaani wanakimbia lini? Wanakimbia mchezaji akitoa bunduki. Tukiuweka mwendo ule, kila atakayepakua modi yetu ataweza kuwafukuza mama zetu barabarani, tena akicheka.

Tulibishana mpaka saa tatu usiku. Kila mmoja alikuwa na haki na hatukuweza kupiga kura juu ya jambo kama hilo. Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, mkiona modi yetu ina kutembea tu na haina kukimbia, mjue si kwamba hatukuweza.

Faili ya kukimbia iko kwenye flashi ya yule mwenzetu. Ina fremu sita, na mtoto bado hajafungwa mgongoni.