Msamaha na Sadaka katika Jimbo la Butembo-Beni

Tangu mapadre wa shirika la Assomption walipofika Beni mwaka 1929, habari za Msalaba zimehubiriwa katika milima ya Wanande pasipo kukoma. Lakini suali la namna aliyedhulumiwa atakavyosamehe, kwa kunyamaza au kwa kumkabili dhalimu na dhuluma yake, halikuwaelemea waumini kama lilivyowaelemea baada ya vita kuingia.

Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo tangu 1966, alihamishiwa Bukavu mwaka 1997 kushika kiti cha Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyeuawa mwaka uliotangulia. Katika barua yake ya Noeli ya 1999 aliushutumu waziwazi unyang'anyi wa mali ya nchi, uliofanywa na wageni kwa msaada wa baadhi ya ndugu Wakongomani, akawaambia waumini kuwa wasimame upande wa wanaoonewa, hata ikibidi damu yao imwagike. Waasi wa RCD, waliokuwa wakiitawala Bukavu, walimtenga na jimbo lake mwezi wa Februari 2000 wakampeleka Butembo, yaani kwa watu wale wale aliowalea miaka thelathini na kuwaanzishia Chuo Kikuu cha Graben. Alirudi Bukavu tarehe 14 Septemba. Tarehe 4 Oktoba akafariki huko Italia.

Wako wasemao kwamba Mkristo hana budi kustahimili kimya kama mwanakondoo, na hoja hiyo ina asili yake katika Maandiko, wala siidharau. Hata hivyo Yesu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya Anasi, alimwuliza aliyempiga sababu ya kumpiga. Na Kataliko, kwa kadiri nionavyo, alishika njia hiyo. Sadaka aliyoitoa ilikuwa raha yake mwenyewe, si ya jirani yake.

Tarehe 1 Februari 2023, mjini Kinshasa, mkulima wa Eringeti, wilaya ya Beni, aliyemwona babaye akikatwakatwa, aliweka chini ya msalaba, mbele ya Papa Fransisko, panga mfano wa lile lililomwua mzee huyo, akatamka msamaha. Muuaji hakuwapo kuomba radhi. Wanateolojia na wabishane kama msamaha usiotanguliwa na toba umetimia. Mimi nasadiki kwamba ule ulitimia, kwa kuwa aliyeutoa ndiye aliyefiwa, na kwa sababu hiyo hiyo sioni mhubiri mwenye haki ya kumdai mjane wa Beni autoe kabla hajawa tayari.